Waifai imejaa, intaneti hakuna: mafundi, tuachieni funguo zetu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba visanduku vya meshi ni utapeli. Alinunua vitatu ili waifai ienee nyumba nzima, na simu za wanawe bado zinaandika kwamba zimeunganishwa ila hakuna intaneti. Namhurumia, maana na mie yalinifika. Lakini kabla hajavitupa jalalani, naomba unipe nafasi nimsimulie ya nyumbani kwangu, kwa sababu visanduku vyangu vilikuwa vizima muda wote huo na mie nilivishitaki bure.

Nianze na historia kidogo, itafaa huko mbele. Mwaka 1978, nikiwa na miaka ishirini, niliajiriwa kuwa opereta wa suichibodi katika kampuni moja ya mkonge hapa Tanga. Spika masikioni, mbele yangu bodi ya matundu, mkononi nyaya za kuchomeka. Mtu wa stoo akinyanyua simu yake, taa ndogo inawaka kwenye bodi, namuuliza anamtaka nani, nachomeka. Akitaka Dar es Salaam naomba tranki, yaani laini ya kutoka nje ya kampuni, na tranki tulikuwa nazo mbili tu. Basi siku tranki zimekufa, mabwana wakubwa walikuwa wakinyanyua simu, wananisikia vizuri kabisa, halafu wanafoka: "Opereta, si nakusikia? Kwa nini Dar haipatikani?" Kunisikia mie na kuipata Dar ni mambo mawili, bwana. Nilikaa pale miaka kumi na tatu nikilieleza hilo. Sikutegemea kwamba nitalieleza tena nikiwa na wajukuu.

Ile alama ya waifai iliyojaa juu ya kioo inakwambia simu yako inasikilizana na kisanduku kilicho karibu nayo. Imemsikia opereta. Kama opereta ana njia ya kwenda nje, au kama aliyekujibu ni opereta kweli, alama haijui.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Barabara ya 13. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na mlango wa nyuma unatokea uwani. Ya mbele aliijenga baba mkwe wangu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake dhiraa nzima. Uwani marehemu mume wangu aliongeza vyumba vitatu vya matofali ya saruji, ndivyo ninavyopangisha. Waya wa faiba unaingilia barazani na kuishia sebuleni kwenye kile kisanduku cheupe cha kampuni ya mtandao. Hapo pana kisanduku mama cha meshi. Cha pili kilikuwa ukumbini, cha tatu uwani juu ya kabati la jiko la wapangaji. Kisanduku na kisanduku vinapokezana kwa hewa, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji penye moto.

Wapangaji wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, mwalimu, na kijana anayeuza viatu kwa simu. Ndani niko mie na mjukuu wangu, aliyekuwa likizo kutoka chuo.

Shida ilituanza Ramadhani, wakati wa daku. "Bibi, mtandao hakuna." Kwangu upo. Natoka nao uwani, unakatika. Muuguzi anao asubuhi, jioni hana. Runinga inafungua, simu iliyolala ubavuni mwake haifungui. Ukizima kila kitu na kuwasha, unarudi saa mbili, saa tano, halafu unaaga. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo; nikaona waifai nayo imekuwa mwenyeji.

Nikamwita fundi aliyetufungia. Akaja na pikipiki, shikamoo Bi Mkubwa, marahaba mwanangu, akazima, akawasha, akangoja kidogo, simu zikafunguka. "Unaona? Nyumba kubwa, nguvu inakuwa ndogo. Ongeza kimoja." Akachukua 20,000 za usafiri na kuniachia kisanduku cha nne ndani ya boksi lake, nimlipe 150,000 mwisho wa mwezi. Hata hatujafuturu, mtandao ulishaondoka.

Usiku ule nikaikumbuka bodi yangu. Laini ikifa, hatukuwa tukizima bodi nzima. Tulianzia upande mmoja tukapima kipande kwa kipande hadi tufike pale sauti inapofia. Kuzima na kuwasha huponya kweli mara nyingi, sikatai, lakini pia kunafuta nyayo za mwizi. Nikamwambia mjukuu kesho hatuzimi kitu, tunafuata waya.

Tulianza sebuleni. Kisanduku cha kampuni kina taa iliyoandikwa LOS. Hiyo ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako, na hakuna utakachofanya ndani ya nyumba zaidi ya kuwapigia simu wenyewe. Yetu ilikuwa imezimika, na ile ya PON, inayoonyesha kwamba faiba imeungana, kijani imetulia. Tukachomeka kompyuta ya mjukuu kwa waya hapo hapo: intaneti ipo. Tranki nzima, basi. Tukahamishia waya kwenye kisanduku mama cha meshi: ipo. Dakika tano hazijaisha na kampuni ya mtandao, niliyoilaani mwezi mzima, imeshaachiwa huru.

Tukazima data kwenye simu. Hili watu hulisahau: simu ikikosa intaneti ya waifai hukopa bando kimyakimya, ukadhani umepona. Tukaenda uwani na simu tatu, tukazilaza juu ya meza moja chini ya kisanduku kile kile. Moja inafungua, mbili hazifungui. Hapo ndipo maneno ya fundi yaliponitoka moyoni. Kama nguvu ni ndogo, ni ndogo kwa zote tatu. Itachaguaje?

Mjukuu akaingia kwenye mipangilio, akagusa jina la waifai yetu, akaniita nitazame namba zilizoandikwa mle. Kila kifaa kinachojiunga hupewa namba yake ya ndani, sawasawa na ekstensheni zangu za stoo, karakana na ofisi ya meneja. Mgawaji anatakiwa kuwa mmoja, kisanduku mama, na kazi hiyo ya kugawa ndiyo wanayoiita DHCP. Akishakupa namba hukuonyesha na mlango wa kutokea nje. Simu iliyokuwa inafungua ilikuwa na 192.168.68.23, mlango wake 192.168.68.1. Zile mbili zilikuwa na 192.168.1.104 na 192.168.1.107, mlango 192.168.1.1.

Kompyuta siijui, Mhariri. Kugawa ekstensheni naijua. "Humu ndani mna opereta wa pili," nikamwambia.

Akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Kumbe kifaa kikijiunga huwa kinapiga ukelele nyumba nzima, nani anagawa namba? Na anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Akiwahi kisanduku mama, umepona. Akiwahi yule mwingine, unapewa namba nzuri tu, alama imejaa, na mlango unaoonyeshwa unatazamana na ukuta. Ndiyo maana kwetu ilikuwa bahati nasibu, na ndiyo maana kuzima na kuwasha kulituliza: kila kifaa kiliomba upya, vingine vikaangukia pazuri. Fundi aliona hivyo vilivyoangukia pazuri akapanda pikipiki.

Tukamtafuta. Mjukuu akaichukua moja ya zile simu mbili, akaandika 192.168.1.1 pale juu pa kuandikia anwani, ukatokea ukurasa wa kuingilia wa rauta ya aina ambayo sisi hatujawahi kuinunua. Nikapanda kigoda, nikachungulia nyuma ya kabati la jiko. Kisanduku cha tatu kina matundu mawili ya waya. Kwenye tundu moja ulitoka waya wa buluu, ukateremka na ukuta, ukapita chini ya mlango wa chumba cha kijana wa viatu.

Hodi. Akafungua akiwa na kandambili mbili za jozi tofauti mkononi. Chini ya kitanda, katikati ya maboksi ya sandozi, ilikuwepo rauta yake ya zamani aliyohama nayo kutoka Korogwe, inapepesa taa zake kwa raha. Alitaka runinga yake ishike vizuri, akaona tundu liko wazi, akachomeka. "Lakini Bibi, mbona kwangu inashika mpaka mwisho?" Inashika, ndiyo. Alikuwa anaisikia rauta iliyo chini ya godoro lake! Na yeye mwenyewe wiki tatu zote alikuwa ananunua bando, akisema mtandao wa mwenye nyumba mbovu.

Tukachomoa waya. Kila mtu akazima waifai kwenye kifaa chake na kuiwasha, wakaomba namba upya, wote wakarudi kwenye 68. Simlaumu kijana, nani alimfundisha? Siku ya pili mjukuu aliibadilisha ile rauta ifanye kazi ya kurusha waifai tu, bila kugawa namba, ikarudishiwa waya wake na mpaka leo runinga inaonyesha mpira. Kwa hiyo mtu mwenye rauta ya zamani asidhani haifai tena. Aifungue, azime ugawaji wa namba ndipo achomeke.

Nilidhani tumemaliza. Mwalimu, aliye chumba cha mwisho, akaja jioni na kompyuta yake: bado hapati, au anapata na kupoteza. Tukatazama namba. Safari hii ilianza na 169.254. Hiyo haikugawiwa na opereta yeyote. Kifaa kikiita na kuita bila kujibiwa, hujipa namba chenyewe, kama mtu aliyechoka kungoja foleni akajiandikia risiti. Nenda nayo utakako, haikutoi nje. Na taa ya kisanduku cha tatu ilikuwa nyekundu: chenyewe hakikuwa kinamsikia mwenzake wa ukumbini.

Hapa ndipo nyumba ya baba mkwe iliposhitakiwa. Kati ya kisanduku cha pili na cha tatu palikuwa na kuta mbili za matumbawe, na uwani tangi la maji la lita 1,000 limekaa katikati ya njia kama askari. Mawe mazito huyachosha mawimbi, na maji huyanywa. Visanduku hivi husema kwa masafa mawili: ya 5 GHz yana mbio lakini ukuta unayashinda mapema, ya 2.4 GHz yanapenya zaidi lakini yamejaa watu, maana Ngamiani nyumba zimegusana na kila moja ina waifai yake. Tulisogeza kisanduku cha ukumbini hatua kama tisa hadi karibu na mlango wa nyuma, ambao ni wa mbao. Cha uwani tukakitoa juu ya kabati la bati tukakiweka kwenye dirisha la jiko, kitazamane na mlango, tangi likabaki pembeni. Taa ikageuka kijani kabla sijamaliza kukunja kigoda.

Nakiri kwa haki kwamba kisanduku cha nne kingeweza kusaidia hapo kidogo, kwa kupokezana. Lakini kuhamisha ulichonacho ni bure, na kila kisanduku kinachoongezwa kwenye mnyororo wa hewa hula sehemu ya mbio za wenzake. Siku tukipata fedha tutapitisha waya darini kutoka sebuleni hadi uwani, tuachane na habari za kuta. Fundi angeyaona yote haya kwa kutembea na simu yake kutoka baraza hadi choo cha uwani. Hakutembea. Hata helmeti hakuvua.

Sasa lile linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tulipotaka kubadili mahali na majina, tukakuta hatuna ruhusa. Visanduku hivi huendeshwa kwa programu ya simu, na fundi alivisajili kwa simu yake na barua pepe yake. Nyumba ni yangu, umeme nalipa mie, mtandao nalipa mie, na mgeni wa pikipiki ndiye anayeona nani ameingia kwenye waifai yangu saa ngapi. Tulimpigia, akasema hiyo ni siri ya kazi. Siri ya kazi! Ikabidi tuchukue pini, tubonyeze vile vitundu vya kurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye visanduku vyote vitatu, na kusajili upya kwa simu yangu. Jioni nzima ilikwisha hapo, kwa kazi ambayo haikuhusu ugonjwa wenyewe. Kama tungekuwa na programu hiyo tangu mwanzo, ingetuonyesha bila kupanda kigoda kwamba kisanduku cha tatu kinasikia vibaya.

Nawaomba mafundi wa Tanga, na wa kokote gazeti hili linakofika: msajili kwa simu ya mwenye nyumba, hata kama ni bibi kizee na itawachukua nusu saa zaidi. Mwandike nywila kwenye karatasi. Mchore na kipi kimechomekwa wapi. Sisi kwenye suichibodi tulikuwa na kadi ya kila laini, na aliyeingia zamu aliisoma bila kumpigia simu aliyetoka. Na wauzaji wa vifaa, yale maelezo ndani ya boksi yamo kwa lugha nyingi, kwetu sijaona hata moja yenye Kiswahili. Karatasi moja tu ingetosha.

Kwa msomaji aliyeandika wiki ile: ugonjwa wako unaweza usiwe wangu. Uliza jirani kwanza kama kwake upo. Unakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu siku moja na mtandao ukalemaa Afrika Mashariki? Mtaani kwetu kuna mtu siku ile alibonyeza vitundu vya rauta yake kwa pini mara nne, akafuta kila kitu, na hitilafu iko baharini kusini huko. Kama kwa jirani upo na kwako haupo, tazama namba kwenye simu inayopata na kwenye isiyopata, uzilinganishe. Zikifanana ukoo wake, yaani mafungu matatu ya mwanzo, lakini kurasa hazifunguki, huenda kilichokufa ni DNS, yaani kile kitabu cha simu kinachogeuza majina kuwa namba. Mtu yupo, namba yake ndiyo huijui. Kama ni simu moja tu inayokataa, angalia tarehe yake isiwe ya mwaka juzi. Na kama uliwahi kufungia nje ya waifai vifaa usivyovijua, jihadhari: simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujificha kwa anwani ya bandia badala ya ile inayokitambulisha kifaa, kwa hiyo unayemfungia kama mgeni anaweza kuwa binti yako. Kwetu aliyefungiwa hivyo alikuwa muuguzi, na alivumilia siku nne bila kusema, akidhani ni kwa sababu ya kodi aliyochelewesha.

Nimebandika karatasi ukumbini, juu ya kisanduku: ukoo wetu ni 68, ukiona mwingine njoo useme. Kijana wa viatu ndiye anayeisoma kwa sauti kila mgeni wake anapokuja.

Mwisho, yule fundi namba yangu anayo na mie yake ninayo, ila simu hapokei tangu nimwambie mtandao umepona. Kisanduku chake cha nne kiko kabatini, ndani ya boksi, na karatasi ya gundi haijabanduliwa. Sikitaki na silipi. Aje akichukue, alasiri nipo kila siku isipokuwa Ijumaa, na akija avue helmeti.

Opereta mstaafu,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu unalo, naomba lisichapishwe)